Giaboksi ya pikapu inaposumbua Marekani: dalili, chanzo, na lini sheria ya gari bovu inakulinda

Pikapu mpya Marekani inaweza kukutoa dola 60,000 na bado ikakupiga kishindo kila inapopanda gia. Kwa ndugu zetu wa Columbus, Minneapolis au Houston wanaovuta trela za mashine za kukatia nyasi na vifaa vya ujenzi, giaboksi ikilala, kazi imelala. Mwongozo huu unapitia dalili kwanza, sheria baadaye. Nimeziweka pamoja makusudi, kwa sababu namna unavyoieleza dalili pale kaunta ya gereji ndiyo itakayoamua, miezi kadhaa baadaye, kama utarudishiwa fedha zako. Sheria haisikii kishindo, inasoma karatasi.

Tunazungumzia giaboksi za otomatiki, maana pikapu za kawaida zinazouzwa Marekani leo ni otomatiki karibu zote.

Kabla ya kuilaumu giaboksi

Kuna vishindo na mitetemo mingi isiyotoka kwenye giaboksi. Ukienda gereji ukasema "giaboksi mbovu" kumbe ni propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma), umepoteza safari moja, na kwenye sheria hizi safari zinahesabiwa.

Kishindo kimoja "tok" gari linaposimama kabisa au linapoanza kuondoka, huku gia zenyewe zikipanda vizuri barabarani: angalia kwanza propela shafti. Pale inapoingia giaboksi kuna meno yanayoteleza mbele na nyuma, na yakikauka grisi hukwama halafu huachia kwa mshtuko. Tatizo hili limezisumbua F-150 za Ford na Silverado za General Motors (GM) kwa miaka mingi. Krosi zilizolegea, difu iliyochakaa na maunti za injini zilizopasuka nazo hutoa sauti inayofanana na hiyo.

Mtetemo nao una kipimo chake. Ukiongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na ukaendelea hata ukiachia mafuta, shuku magurudumu au propela shafti. Ukija pale tu unapokanyaga mafuta kidogo kwenye mwendo wa kutulia, kisha ukapotea ukikanyaga zaidi, hapo giaboksi imeanza kutajwa. Injini inayokosa moto kwenye silinda moja hutetemesha pia, lakini kwa kawaida huacha kodi za hitilafu, P0300 na kuendelea, kwenye kompyuta.

Nunua kisomaji cha OBD-II, kifaa kinachosoma kodi hizo. Magari yote ya abiria na pikapu nyepesi zilizouzwa Marekani tangu 1996 zina tundu lake chini ya dashibodi. Kodi P0700 inamaanisha tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina neno la kusema. Tafuta ya pili iliyo nyuma yake. P0730 inaonyesha uwiano wa gia hauendani na mwendo, yaani kuna klachi inayoteleza. P0741 ni klachi ya toki konveta, kiungo cha injini na giaboksi. P0720 ni sensa ya mwendo wa shafti inayotoka kwenye giaboksi. P0218 ni joto kupita kiasi. Piga picha ya kodi kabla hujazifuta, na kama gari lina waranti, usizifute kabisa. Mwachie fundi wa wakala azikute.

Kishindo kila gia inapobadilika

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi kwenye giaboksi za gia 10. Ford na General Motors zilishirikiana kuziunda. Ya Ford, iitwayo 10R80, iliingia kwenye F-150 ya mwaka 2017. Gari linapanda gia kwa kurukaruka, au linasita halafu linaingia kwa nguvu, hasa asubuhi oili ikiwa ya baridi au kwenye foleni ya kwenda na kusimama.

Chanzo cha kwanza ni programu. Kompyuta ya giaboksi hujifunza: hupima kila klachi inachukua muda gani kujaa oili, kisha hurekebisha shinikizo. Betri ikitolewa, au fundi akifuta kumbukumbu hiyo, gari hurudi kuwa mwanafunzi na hupiga vishindo kwa muda hadi lizoee. Ndiyo maana gereji nyingi huanza kwa kuweka programu mpya na kukuambia ukaendeshe kwanza. Jibu hilo linaweza kuwa la kweli mara ya kwanza. Likitolewa mara ya tatu kwa tatizo lile lile, limeshakuwa njia ya kukupotezea muda, na muda ndio unaokula kipindi chako cha kisheria.

Chanzo cha pili ni chuma. Ndani ya 10R80 kuna ngoma inayobeba klachi tatu, C, D na F. Bushi ya ngoma hiyo imejulikana kuhama kutoka mahali pake, na ikihama oili ya shinikizo huvuja kwenda isikotakiwa. Klachi hujaa polepole, halafu hukamata kwa ghafla. Ford yenyewe iliwatumia mafundi wake taarifa ya kiufundi ya kukagua ngoma hiyo. Hapo hakuna programu itakayoponya. Giaboksi lazima ifunguliwe, ngoma ibadilishwe, na mara nyingi valvu bodi, sehemu yenye valvu zinazogawa oili, nayo. Kwa hiyo kama umeshawekewa programu mpya na kishindo kimerudi ndani ya wiki chache, omba kwa maandishi kwamba ukaguzi wa bushi ya ngoma ya CDF ufanyike. Ukiitaja kwa jina lake, mazungumzo ya kaunta hubadilika mara moja.

Oili pungufu nayo huleta hali hii. Pikapu nyingi za sasa hazina kijiti cha kupimia oili ya giaboksi pale mbele ulipozoea. Inapimwa chini ya gari, oili ikiwa kwenye joto maalumu. Usiongeze kwa kukisia, na usimimine oili yoyote uliyoikuta dukani. 10R80 inataka Mercon ULV, na oili nyingine inaweza kukunyima waranti kwa haki kabisa.

Mtetemo wa mwendo wa kutulia

Uko barabara kuu, mguu umegusa mafuta kidogo, gari linatetemeka kwa sekunde chache kana kwamba tairi zimepita kwenye vijituta vya pembeni vya kumwamsha dereva. Kisha kimya. Hali hii imewasumbua sana wenye Silverado, Sierra, Colorado na Canyon zenye giaboksi ya gia 8 ya GM, 8L90 na 8L45, hasa za miaka ya 2015 hadi 2019.

Toki konveta ndiyo inayounganisha injini na giaboksi kwa kutumia oili, na ndani yake ina klachi inayofunga ili kuokoa mafuta. Oili ya awali ya giaboksi hizi ilinyonya unyevu, klachi hiyo ikawa inashika na kuachia badala ya kushika moja kwa moja. GM ilielekeza oili yote itolewe na kuwekwa Mobil 1 Synthetic LV ATF HP. Kwa magari mengi hilo lilitosha. Kwa yale yaliyotetemeka kwa muda mrefu kabla ya kubadilishiwa oili, klachi ilikuwa imeshaungua na toki konveta ilibidi ing'olewe.

Jaribio la nyumbani: mtetemo ukianza, gusa breki kidogo sana kwa mguu, bila kupunguza mwendo, barabara ikiwa tupu nyuma yako. Kugusa breki huifanya kompyuta iachie klachi ya toki konveta. Mtetemo ukikatika papo hapo, mhalifu umempata. Mwambie fundi hivyo hivyo: mwendo gani, mzunguko wa injini ngapi, na kwamba breki inaukata.

Injini inapaa, gari haliendi

Unakanyaga, mshale wa mzunguko unapanda, gari linajivuta. Au unaweka R na unasubiri sekunde mbili, tatu, kabla halijashika. Klachi za ndani zinateleza, shinikizo la oili limeshuka, au pampu imechoka. Angalia chini ya gari kama kuna oili nyekundu, na angalia joto la giaboksi kama dashibodi yako inaonyesha. Likipita nyuzi 240 Farenhaiti ukiwa unavuta trela, simama pembeni, acha injini izunguke ukiwa P, na upunguze mzigo. Oili iliyo nyeusi na yenye harufu ya kuungua maana yake klachi zimeanza kwisha. Hapa usiendelee kuendesha eti kwa kuwa waranti ipo. Wakala atasema uharibifu mkubwa umetokana na wewe kupuuza.

Nissan Frontier za 2005 hadi 2010 zina ugonjwa wao. Kipoza oili cha giaboksi kimo ndani ya rejeta, kikipasuka maji yanaingia kwenye oili na oili inakuwa ya waridi yenye ukungu kama maziwa. Ukiiona rangi hiyo, zima gari papo hapo. Magari hayo yameshatoka kwenye waranti, lakini bado yanauzwa sana kwa bei ya chini, na mnunuzi asiyefungua kifuniko cha rejeta anajitafutia hasara.

Dalili za hatari: usisubiri safari ya pili

Gari kushuka ghafla hadi gia ya kwanza ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu. Magurudumu ya nyuma yanakaribia kufunga na dereva anaweza kupoteza usukani. Mwaka 2019 Ford iliziita zirudi gereji kutengenezwa F-150 za 2011 hadi 2013 zenye gia 6, takriban milioni 1.48 kwa Amerika Kaskazini, kwa sababu ishara ya sensa ya mwendo ilikuwa inapotea na kompyuta kuchagua gia ya kwanza. Mwaka 2024 zikafuata za 2014, takriban 550,000. Mwaka 2025 NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilifungua uchunguzi juu ya F-150 za 2015 hadi 2017 kwa malalamiko ya aina hiyo hiyo.

Magurudumu ya nyuma kufunga kwa muda mfupi. Mwishoni mwa 2024 GM iliita pikapu na magari makubwa ya dizeli ya 2020 hadi 2022, zaidi ya 460,000, kwa sababu valvu ndani ya giaboksi ya gia 10 ilikuwa inachakaa. Dawa ilikuwa programu inayotambua uchakavu mapema na kulizuia gari lisipite gia ya tano kabla ya hatari. Kwa hiyo ukiona dizeli yako ya GM imekataa kupanda gia ya sita baada ya marekebisho hayo, usidhani programu imeharibika. Ndiyo kwanza inafanya kazi yake, na giaboksi yako inahitaji kufunguliwa.

Gari kutembea lenyewe likiwa limeandika P. Mwaka 2018 Ford iliita F-150 za mwaka huo huo kwa kuwa kibanio cha kebo ya gia kilikuwa hakijakaa sawasawa: dashibodi inasema P, giaboksi iko kwingine. Breki ya mkono kila unaposhuka, hata uwanja ukiwa tambarare.

Ingiza namba ya VIN ya gari lako, ile ya herufi na tarakimu 17, kwenye tovuti ya NHTSA. Marekebisho ya mwito wa usalama ni bure, hata kama gari umelinunua mkononi. Usichanganye mwito huo na taarifa ya kiufundi kwa mafundi. Taarifa ya kiufundi inamwambia fundi namna ya kutengeneza tatizo linalojulikana, lakini haiilazimishi kampuni kukutengenezea bure waranti ikiisha. Kwako ina thamani nyingine: inathibitisha kwamba kampuni inalijua tatizo.

Karatasi ya gereji

Ford, GM na Toyota kwa kawaida hutoa waranti ya miaka 5 au maili 60,000 kwa injini na giaboksi, chochote kitakachotangulia. Ndani ya muda huo, kila unapolipeleka gari lazima utoke na karatasi. Angalia mambo haya kabla hujaondoka kaunta: tarehe ya kuingia na ya kutoka, maili, na malalamiko yako kwa maneno yako.

Hapo kwenye malalamiko ndipo watu wetu wengi wanapopoteza haki. Mpokeaji wa magari anasikiliza dakika mbili, anaandika "mteja aomba ukaguzi wa giaboksi", na basi. Andaa sentensi yako nyumbani, kwa Kiingereza, mwombe mwanao au rafiki aisome, iprinti, na uombe ibandikwe kwenye karatasi: gari linapiga kishindo kati ya gia ya tatu na ya nne, mwendo wa maili 25, oili ikiwa ya baridi, kila siku. Ziara ya pili, tumia maneno yale yale. Ukisema kishindo leo, kusita kesho, na kelele keshokutwa, wakili wa kampuni atasema hayo ni matatizo matatu, kila moja limeshughulikiwa mara moja tu.

Wakikuandikia kwamba tatizo halikujitokeza, au kwamba gari linafanya kazi kama lilivyoundwa, usigombane. Chukua karatasi. Katika majimbo mengi ziara hiyo inaweza kuhesabika, mradi malalamiko yako yameandikwa, kwa kuwa ulichotakiwa kufanya ni kuwapa nafasi ya kutengeneza. Kisha omba fundi aende nawe barabarani, wewe ukiwa usukanini, na hilo nalo liandikwe. Wakikuambia hawatafungua karatasi kwa kuwa "ni hali ya kawaida ya gari hili", tuma barua pepe siku hiyo hiyo ukieleza ulichoambiwa na nani.

Lini gari ni bovu kisheria

Kila jimbo la Marekani lina lemon law yake, yaani sheria ya gari bovu. Connecticut ilitangulia mwaka 1982, na California ikafuata mwaka huo huo kwa kuiongezea nguvu sheria yake ya waranti ya 1970. Juu ya zote kuna sheria ya shirikisho ya Magnuson-Moss ya 1975. Hiyo ndiyo inayomkataza wakala kukunyima waranti kwa sababu tu ulibadilisha oili kwa fundi wa mtaani, tunza risiti.

Hesabu zinatofautiana. Ohio inaangalia mwaka wa kwanza au maili 18,000: gari limetengenezwa mara tatu kwa tatizo lile lile, au siku 30 gari likiwa gereji, au mara moja tu kama kasoro inaweza kuua. Minnesota inataka mara nne, au siku 30 za kazi, ndani ya miaka miwili au muda wa waranti. Texas ni mara nne au siku 30 ndani ya miezi 24 au maili 24,000, na malalamiko yanapelekwa kwenye idara ya magari ya jimbo kwa ada ya dola 35, baada ya kuiandikia kampuni. Angalizo kwa watu wa Texas: siku ulizopewa gari la kuazima linalolingana na lako hazihesabiwi kwenye zile 30. California inakupa dhana ya kisheria, yaani inaanza kwa kuchukulia kwamba gari ni bovu, ukifikisha mara nne, au mara mbili kwa kasoro ya hatari, au siku 30, ndani ya miezi 18 au maili 18,000. Nje ya hapo bado unaweza kudai, ila mzigo wa kuthibitisha unakuwa mzito zaidi. Tangu 2025, kampuni zilizojiunga na utaratibu mpya wa California, zikiwemo Ford na GM, zinadaiwa ndani ya mwaka mmoja tangu waranti husika iishe, na si zaidi ya miaka 6 tangu gari lilipokabidhiwa mara ya kwanza.

Pikapu ina mtego ambao gari dogo halina: uzito na biashara. California hulinda gari la biashara ikiwa tu uzito wake wa juu ulioandikwa mlangoni uko chini ya pauni 10,000 na kampuni yako haina zaidi ya magari matano yaliyosajiliwa jimboni. Pikapu nzito kama F-250 huuzwa zikiwa zimeandikwa pauni 10,000, na pia kwa kifurushi cha 9,900. Tofauti ya pauni 100 kwenye kibandiko inaweza kuamua kesi, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kusaini. Minnesota inataka gari litumike kwa mambo ya nyumbani angalau asilimia 40 ya muda. Ohio inataja magari ya abiria na yasiyo ya biashara. Ukisajili pikapu kwa jina la kampuni ili upunguze kodi, fahamu kwamba unaweza kuwa umeuza kinga hii.

Ukishinda, unachagua au unapewa kurudishiwa fedha au gari jingine, kutegemea jimbo. Makato ya matumizi yapo. California inachukua maili ulizokuwa umetembea siku ya kwanza ulipolipeleka kwa tatizo hilo, inagawanya kwa 120,000, inazidisha kwa bei. Gari la dola 60,000 lililopelekwa likiwa na maili 6,000 linakatwa dola 3,000. Lile lile likipelekwa mara ya kwanza na maili 16,000, linakatwa 8,000. Usivumilie kishindo miezi sita kwa upole.

Wakili halipwi na wewe mara nyingi. Sheria ya shirikisho na za majimbo mengi humruhusu mahakama amtoze mtengenezaji gharama hizo ukishinda. Wakili anayekuomba maelfu ya dola mkononi kabla ya kuangalia karatasi zako, mwache. Endelea kulipa mkopo wa gari wakati kesi inaendelea, maana benki haihusiki na ugomvi wako na kampuni na italichukua gari. Usikubali hundi ndogo ya "shukrani kwa uvumilivu" yenye karatasi ya kusaini kabla wakili hajaisoma. Na kama umeweka programu ya kuongeza nguvu ya injini, tairi kubwa kupita kiasi, au umevuta mzigo uliozidi uwezo ulioandikwa, mwambie wakili mapema.

Kwa gari lililotumika mambo ni finyu zaidi. New York, New Jersey na Massachusetts zina sheria za magari yaliyotumika. California, Oktoba 2024, mahakama yake ya juu iliamua katika kesi ya Rodriguez dhidi ya FCA US, mtengenezaji wa Ram, kwamba gari lililonunuliwa mkononi likiwa na salio tu la waranti ya kiwandani halihesabiki kuwa gari jipya. Sheria ya Magnuson-Moss bado inaweza kukusaidia hapo.

Yale yaliyorudishwa kiwandani hayafi. Hutengenezwa, hupelekwa mnadani, na huuzwa tena. California hati yake ya umiliki huandikwa kwamba lilinunuliwa tena chini ya lemon law, na kibandiko hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa kushoto. Wanaotuma pikapu Kongo, Rwanda au Burundi, ambako usukani wa kushoto ndio wa kawaida, waangalie hati hiyo kabla ya kulipia kontena. Kule waranti ya Marekani haitawafuata.